Zamu ya Mtaa wa Juu

Kufikia saa moja asubuhi Wasfi alikuwa ameshasimamishwa njiani mara nne, na hata kona ya duka la kuku hajaifikia. Wa kwanza alitaka kujua kama ni kweli. Wa pili alijua ni kweli, alitaka kujua saa ngapi. Wa tatu alijua mpaka saa, alitaka tu aambiwe tena, maana kuna habari ambazo mtu hachoki kuzisikia. Wa nne alikuwa mke wa kinyozi, kajiinamisha dirishani na dele la kahawa mkononi, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Abu Lutfi! Ni leo kweli, au mnatuchezea?"

"Leo. Saa sita. Jana hukusikia tangazo msikitini?"

"Nimelisikia. Nataka kulisikia kwenye kinywa chako."

"Basi ndilo hilo."

"Mungu akupe umri. Mume wangu ananyoa watu mchana kutwa wanatoka wananukia, yeye mwenyewe akiingia chumbani paka anatoka."

Wasfi alicheka, akahamisha ufunguo wake begani. Ufunguo wenyewe si wa mlango. Ni nondo nzito inayomfika mtu kifuani, na juu ina kishikio cha kupitisha mikono miwili. Kwa miaka kumi na minne Wasfi alikuwa mfungua maji wa manispaa ya Deir Sawan. Mji huo una meya, una imamu, una daktari anayekuja Jumanne, lakini ikifika kiangazi mtu anayeamkiwa wa kwanza ni Wasfi. Hualikwa harusi za watu asiowajua. Kuku wake hupunguziwa bei. Na wapo waliomwambia usoni kwamba angegombea umeya angeshinda Julai, akashindwa Desemba.

Maji ya Deir Sawan hayatoki Deir Sawan. Hununuliwa kwa kampuni ya upande wa pili, yakapita kwenye bomba lililofukiwa chini ya mizabibu ya watu wa hapa hapa, na kila kiangazi mgao hupunguzwa bila barua wala simu. Bomba hilo hilo huendelea hadi mlima wa ng'ambo, kwa walowezi, ambako vinyunyizio huzunguka tangu asubuhi na majani ni ya kijani mwezi wa nane. Habari hiyo watu wameacha kuijadili, kama wasivyojadili jua. Wanachojadili ni zamu. Mtaa wa Bondeni, Mtaa wa Kati na Mtaa wa Juu hupokezana kile kinachofika, na Mtaa wa Juu sasa ulikuwa umetimiza siku kumi na tisa bila tone.

Na Mtaa wa Juu wana desturi yao. Zamu ikishatangazwa, asubuhi yake wanawake hupanda mapaani, hufunua matangi, humwaga masalio yote na kusugua tope la chini kwa brashi na chumvi. Maji mapya hayaingii kwenye tangi chafu, ndivyo walivyolelewa. Kwa hiyo saa tatu, Wasfi alipopanda ngazi za mtaa kukagua mabomba, maji ya kijivu yalikuwa yakimteremkia ngazi kwa ngazi, na watoto wanayarukaruka. Moyo wake ulifurahi. Ngazi zilizolowa maana yake watu wamemwamini. Hata mkewe alikuwa juu ya paa lao, kajifunga kanga ya kazi, anasugua.

Nyumba ya mwisho kabisa, ngazi ya mia mbili na kumi, ni ya Bibi Nijma, dada wa marehemu mama yake. Uani kwake siku hiyo palikuwa na shughuli. Mjukuu wake, Rudaina, alikuwa anaolewa wiki ijayo, na mshona magodoro amekubali kuja Jumamosi. Sufu ya kondoo, mafurushi manane, ilikuwa imetumbukizwa kwenye mabeseni, na wanawake saba wamekunja suruali magotini wanaikanyaga kwa sabuni. Kuosha sufu ya bibi arusi hakufanywi kimya.

*Osha sufu, osha vema, asilalie miiba,*
*mwana wetu aondoka, godoro lake ni haiba.*

"Mama mkubwa, maji ya sabuni mmeyapata wapi?"

"Kisima cha mvua," alisema Bibi Nijma. "Nimekikomba mpaka nikamtoa chura. Sabuni yangu, suuza yako. Saa sita, Wasfi?"

"Kwako ndiyo mwisho wa bomba. Yatafika saa kumi."

"Saa kumi ni sawa. Ikilala na sabuni hii sufu inaoza, nawe unajua. Mbichi haishoneki, iliyooza haitupiki hata kwa mbwa."

"Yatafika."

Alisema hivyo, na mashahidi ni saba.

Shimo la koki liko nyuma ya shule, lina mfuniko wa chuma na koki tatu, moja kwa kila mtaa. Saa tano Wasfi, aliyeshuka kwa njia ya mkato ya mizabibuni, alikuwa ameshaingia humo mpaka kiunoni, anapaka grisi, simu ikalia. Alikuwa Injinia Tharwat wa manispaa, kijana wa miaka thelathini mwenye shahada mbili na kiyoyozi kimoja.

"Abu Lutfi, uko wapi?"

"Shimoni."

"Usifungue Juu. Fungua Bondeni."

"Bondeni walipata Jumapili, injinia."

"Najua walipata lini. Kampuni imekata nusu tangu alfajiri. Presha hamna. Ukifungua Juu maji hayapandi, mita zitazungushwa na upepo tu, halafu watu waje hapa kunitukana."

"Yatapanda. Nikifunga kwingine kote, nikafungua hii taratibu, yatapanda. Nilifanya hivyo mwaka juzi."

"Mwaka juzi siyo mwaka huu."

"Mlima ni ule ule."

Injinia alivuta pumzi. "Sikiliza, mzee wangu. Ni agizo la kamati ya maji. Nitaandika kwenye kundi la simu kwamba kuna hitilafu ya kiufundi. Watafidiwa zamu ijayo."

"Watu wameshamwaga matangi."

"Sasa nani aliwaambia wamwage?"

Wasfi aliitazama simu, kisha akairudisha sikioni. "Mimi."

"Haya basi." Sauti ya Tharwat ililainika. "Mkataba wako unaisha tarehe thelathini. Karatasi yako iko mezani hapa, sijatia saini. Mimi nakupenda, Abu Lutfi, unajua. Usinitie kwenye maneno na watu. Fungua Bondeni."

Mwanawe Lutfi alikuwa fundi wa kupiga lipu, alikuwa akivuka kila alfajiri kwenda kujenga nyumba za upande wa pili, hadi vibali vilipofutwa vyote siku moja. Sasa ni mwaka wa pili yuko nyumbani na mke na watoto wawili, anapiga lipu kuta za baba yake ambazo hazina shida. Wasfi hakulifikiria hilo shimoni. Hakukuwa na haja. Alipachika ufunguo kwenye koki ya Bondeni akazungusha. Mikono ilijua kazi yake na haikumuuliza kitu. Bomba lilikohoa, likatulia, kisha maji yakaanza kuteremka kwenda kwa watu waliooga juzi.

Angeweza kurudi nyumbani, akaliacha kundi la simu liseme uongo wake. Alifunika shimo, akaweka ufunguo begani, akaanza kupanda. Ahadi aliitoa kwa mdomo. Kuitangua pia kulitaka mdomo.

Kwenye kona ambapo barabara ya gari inaishia na ngazi zinaanzia, maboza mawili ya maji yalikuwa yameegeshwa kivulini, yamejaa mpaka yanatona. Dereva wa lile la mbele, Zuheri, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango anakula tikiti kwa kisu.

"Karibu tikiti, Abu Lutfi."

"Umefika saa ngapi hapa?"

"Saa tatu."

Wasfi alisimama. Saa tatu alikuwa yeye mwenyewe juu huko, anakagua mabomba. Saa tano ndiyo simu imelia.

"Nani alikwambia uje saa tatu?"

"Bosi."

Bosi wake Zuheri ni diwani Shaukat. Ana maboza manne, ana kisima chake Bondeni, na tangu uchaguzi uliopita ana kiti kwenye kamati ya maji.

Zuheri alitema mbegu. "Usinitazame hivyo, mzee. Mimi nashika usukani tu, kama wewe unavyoshika hiyo nondo."

Wasfi alihamishia nondo bega la pili.

"Bei gani leo?"

"Mia mbili na hamsini tangi moja."

"Wiki iliyopita ilikuwa mia na themanini!"

"Wiki iliyopita," alisema Zuheri, bila ubaya wowote, "walikuwa hawajamwaga."

Ngazi zilikuwa zimeshakauka. Habari ilikuwa imemtangulia, maana simu haina magoti ya kuuma. Mke wa kinyozi alikuwa pale pale dirishani, ila safari hii dele hana.

"Hitilafu ya kiufundi, Abu Lutfi?"

"Hapana."

"Ni nini basi?"

"Wamesema nifungue Bondeni, nikafungua Bondeni."

Mwanamke yule alikuwa na ulimi unaojulikana mji mzima. Alifunga dirisha polepole, na Wasfi aliona heri angetukanwa.

Uani kwa Bibi Nijma kuimba kulikuwa kumekoma. Sufu ilikuwa imetolewa kwenye mabeseni, imelundikwa juu ya turubai, nzito, ya rangi ya chai ya maziwa, povu likijikunja juani. Rudaina, bibi arusi, alikuwa amechuchumaa kando, vidole vimekunjamana kwa maji, haangalii mtu. Wanawake walimpisha Wasfi kama wanavyompisha mtu aliyeleta habari za msiba.

"Sema," alisema Bibi Nijma.

Alisema yote: simu, mkataba, maboza ya saa tatu. Alipomaliza, mmoja akauliza kama kuna mtu ana mia mbili na hamsini, wengine wakacheka kile kicheko kifupi.

"Hata tukichanga," alisema jirani mmoja, "tangi moja ni la kusuuza sufu, tunywe nini?"

"Tunywe sabuni."

"Wewe ulianza kunywa zamani, ndiyo maana unateleza maneno."

Bibi Nijma aliinua mkono, wakanyamaza. "Wasfi. Maji yamekwenda kwa nani?"

"Bondeni kote. Bomba linaanzia kwa Shaukat. Ameshafungua mpira, unaonekana kutoka hapa, anamwagilia milimau."

"Shaukat ana mabinti wangapi hawajaolewa?"

"Watatu!" walijibu wanawake wote kwa pamoja, na mmoja akaongeza, "Mkubwa ana thelathini na moja," na mwingine, "Na mbili, alizaliwa mwaka wa theluji."

Bibi Nijma alianza kufunga mtandio wake vizuri. Hakueleza, na hakukuwa na wa kuelezwa. Kila mtu Deir Sawan anajua kwamba sufu ya bibi arusi ikishatiwa sabuni ikabisha hodi kuomba maji, mlango hufunguliwa. Anayeirudisha, mabinti wake watakaa nyumbani mpaka nywele ziwe rangi ya sufu hiyo. Kama ni kweli au si kweli hakuna anayejua, maana hajatokea mwanamume wa kujaribu.

"Rudaina, inuka. Fungeni sufu kwenye mashuka. Wewe, waite wa nyumba za chini. Wasfi, wewe usije, una mkataba."

Wasfi aliegemeza nondo yake ukutani, nyuma ya pipa. Akainama, akabeba furushi kubwa kuliko yote. Maji ya sabuni yakamshuka shingoni mpaka ndani ya shati.

"Twende," alisema. "Litanikaukia begani hili."

Walianza saba, wakafika penye maboza wakiwa ishirini, wakaingia Bondeni wakiwa hawahesabiki. Kila nyumba iliyomwaga tangi ilitoa mtu. Waliimba njia nzima, vigelegele vikipokezana, sufu ikidondoka povu nyuma yao mstari mrefu mweupe barabarani. Watu walitoka madukani. Kinyozi alitoka na mteja wake, nusu ya kidevu imenyolewa. Simu zikainuliwa juu.

Geti la Shaukat lilikuwa wazi. Mpira ulilazwa chini ya milimau, unamwaga. Mkewe, Umm Fawaz, alitokea barazani anapangusa mikono, akaona mashuka, akaona kinachodondoka. Aligeuka nyuma mara moja. Mabinti watatu walikuwa mlangoni.

"Hodi, Umm Fawaz," alisema Bibi Nijma. "Sufu ya Rudaina. Maji yametuishia mikononi."

"Karibuni," alisema Umm Fawaz haraka. "Karibuni, nyumba ni yenu! Mashallah, sufu nzuri. Wekeni hapa, hapa penye sakafu. We binti, leta mabeseni! Leta na lile kubwa!" Na yeye mwenyewe akauvuta mpira kutoka kwenye milimau akampa bibi arusi mkononi, kwa mikono miwili, kama mtu anayelipa nadhiri.

Diwani Shaukat alitoka na kandambili, amekatizwa usingizi. "Kuna nini?"

"Sufu," alisema mkewe.

Alitazama uani kwake wanawake arobaini, akatazama getini wale wenye simu, akatabasamu kwa upande mmoja wa uso. "Mama Nijma, si mngesema tu? Ningewaletea boza mlangoni."

"Tumeliona, mwanangu. Tulipoliuliza bei, likatujibu."

Vicheko vikapaa. Shaukat akamwagiza mkewe chai, kisha akaenda kukaa ndani.

Sufu ilisuuzwa mara ya kwanza, maji yakatoka ya maziwa. Ikasuuzwa mara ya pili. Katika mara ya pili ikaonekana kwamba ndani ya yale mashuka, katikati ya sufu, mlikuwa na madumu. Mtu wa kuyaweka hakujulikana. Yalijazwa moja baada ya jingine, na Umm Fawaz akawa anatazama milimau.

Injinia Tharwat alifika na gari la manispaa katikati ya suuza ya tatu. Alimvuta Wasfi mpaka kivulini mwa ukuta.

"Hii nini, Abu Lutfi?"

"Harusi."

"Usinizingue. Watu wanapiga video. Kamati yote inanipigia simu. Nenda kafunge Bondeni, sasa hivi."

"Mtaa mzima?"

"Mtaa mzima. Waambie hitilafu."

"Ufunguo sinao."

"Uko wapi?"

"Kwa mama yangu mkubwa. Nyumba ya mwisho juu, nyuma ya pipa." Wasfi alikamua shati lake. "Gari halifiki. Ni ngazi mia mbili na kumi. Ukienda sasa, utarudi magharibi."

Tharwat alitazama mlimani, akatazama viatu vyake. Alikuwa kijana mwenye adabu, na Wasfi alikuwa amemfundisha kusoma ramani ya mabomba miaka mitano nyuma.

"Karatasi yako sitaisaini," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, kama anayemsihi.

"Najua."

"Nitafanyaje mimi?"

"Kunywa chai," alisema Wasfi. "Wameshakumiminia."

Walianza kurudi jua likiwa limeinama. Kupanda si kama kushuka. Sufu iliyolowa ina uzito wa maiti, na dumu la lita ishirini linakata vidole. Hakuna aliyeimba. Wasfi alikuwa nyuma kabisa, dumu la mama yake mkubwa mkono huu, la mkewe mkono ule. Dumu moja lingepikia na kunywesha nyumba mpaka kesho adhuhuri. Baada ya hapo kulikuwa na zamu ijayo, ambayo haikuwa na tarehe, na kulikuwa na Zuheri.

Zuheri alikuwa ameuza la kwanza, akashuka kujaza kisimani kwa bosi wake, sasa alikuwa anapanda tena, boza limejaa. Akawakuta katikati ya barabara. Akapiga honi. Mke wa kinyozi aligeuka, akatazama, akageukia mbele. Akapiga tena, mara mbili. Barabara ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili mizabibu ya watu. Boza likabaki kwenye gia ya kwanza, linanguruma, joto la injini likiwapiga mgongoni, maji yakichupa ndani ya tangi kila liliposita.

"Abu Lutfi!" Zuheri alitoa kichwa dirishani. "Nipishe, kuna watu wanasubiri huko juu!"

Ilikuwa kweli. Wapo waliokuwa wakimsubiri, wengine walikuwa mbele yake hapo hapo, na fedha wameshakopa.

Wasfi aliweka madumu chini, akabadilisha mikono, akayainua. Akaendelea kutembea katikati ya barabara, mwendo wake ule ule.